Tulimwagia Fundi maji

Nianze na swali aliloniuliza mama mmoja wa bloku yetu, maana ndilo limenifanya niandike. Aliniuliza hivi: "Mwana yangu, uniambie kweli. Ni ile maji banamumwangiya ndiyo iliua bwana yangu?" Mi nikajibu haraka, "Hapana, mama." Nilijibu kabla hajamaliza vizuri kuuliza. Tangu siku ile najiuliza kama nilikuwa na haki ya kusema hapana, kwa sababu sikuwa najua. Nilitaka tu aache kulia.

Mama mwenyewe ameniruhusu kuandika haya, ila nisitaje jina lake wala la marehemu. Basi marehemu tutamwita Fundi, na hata akiwa hai nusu ya Kakuma 3 haikumjua kwa jina lingine. Alitengeneza baiskeli chini ya mwarobaini, kando ya barabara ya kwenda bombani. Wengi mnaosoma hapa amewahi kuwazibia pancha, na kama hamkuwa na pesa alisema mtaleta kesho, na kesho ile hakuidai.

Mimi nafanya kazi na vijana, kazi ya insentivu kama mnavyoijua. Ijumaa tunakaa na vijana kituoni tunaongea jambo lolote ambalo mtu amesoma au amesikia wiki hiyo. Ijumaa moja zamu ilikuwa yangu, na nilikuwa nimesoma kwenye simu habari ya daktari mmoja mwanamke, Msweden, anaitwa Anna Bågenholm. Tarehe 20 Mei 1999 alikuwa anateleza kwenye theluji karibu na mji wa Narvik, huko kaskazini mwa Norway, akaanguka kwenye mto ulioganda, akanasa chini ya barafu. Alikaa humo dakika 80. Kama nusu ya muda huo alikuwa bado na fahamu, akipumua kwenye nafasi ndogo ya hewa aliyoipata chini ya barafu, halafu moyo ukasimama. Walipomtoa na kumfikisha hospitali ya Tromsø, joto la mwili wake lilikuwa nyuzi 13.7. Mimi na wewe tuna 37. Alikuwa kama maiti kabisa. Madaktari na wauguzi walihangaika naye kwa saa tisa, wakamrudisha, na baadaye akarudi kazini, tena akiwa daktari.

Nilieleza kwa nini, kwa kadiri nilivyoelewa. Ubongo unakula sana. Unahitaji damu na hewa kila dakika, na ukikosa, seli zake zinaanza kufa. Lakini ukipoa, njaa yake inapungua. Kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka, matumizi yake ya hewa yanapungua karibu asilimia 6 au 7. Yule daktari, ubongo wake ulipoa kabla moyo haujasimama, kwa hiyo ulisubiri. Ni kama kupunguza moto wa jiko wakati makaa yanakaribia kuisha. Nikawaambia pia madaktari wamekuwa wakijaribu kuwapoza wagonjwa wa kiharusi ili ubongo usife upesi. Hilo nililisoma mistari minne mitano tu, kwa sababu bando iliisha.

Vijana walipenda. Mmoja akasema, kwa ile sauti ya utani wetu, "Yaya," (sisi Wakongo ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu, Wakenya wasicheke) "Yaya, basi hapa Kakuma tutakufa wote, joto hili ni la kuchoma." Tukacheka, tukafunga.

Wiki mbili baadaye Fundi alianguka. Ilikuwa saa nane mchana, ile saa ambayo hata mbuzi wanatafuta kivuli. Alikuwa ameshika tairi. Mkono wa kulia ukaachia, mdomo ukaenda upande, akataka kusema neno likatoka kama la mtoto. Vijana watatu wa kituo walikuwa hapo wakisubiri baiskeli yao, na walijua hiki ni nini. Mzee mmoja alisema ametupiwa, aitwe mtu wa kuomba. Wao wakasema hapana, ni kiharusi, ubongo wake upozwe haraka. Mmoja akakimbia kwenye duka la Muhabeshi akanunua mifuko ya barafu kwa pesa yake mwenyewe, mwingine akaleta jerikeni la maji. Wakamvua shati, wakammwagia maji kichwani na kifuani, wakamwekea barafu shingoni na kwapani.

Mimi niliitwa nikafika nikawakuta, na sikuwazuia. Niliona fahari, nasema ukweli. Nilishika mfuko mmoja wa barafu kwa mkono wangu, nikambana nao shingoni. Fundi alianza kutetemeka, meno yanagongana, kwenye jua lile. Nikasema, "Vizuri, inafanya kazi." Zilipita kama dakika 40 kabla hatujampakia kwenye bodaboda, mmoja mbele, mmoja nyuma anamshikilia.

Kliniki tuliyompeleka siitaji. Walimpima presha wakakuta iko juu mno. Walisema ni kiharusi, lakini kuna cha aina mbili: cha donge la damu kuziba mshipa, na cha mshipa kupasuka damu ikamwagika ndani ya ubongo. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Inatakiwa mashine ya kupiga picha ya kichwa, na mashine hiyo hawakuwa nayo. Wakamwandikia rufaa. Alilala kliniki siku mbili, akarudishwa nyumbani kusubiri rufaa. Siku ya nne akapata homa na kifua kikaanza kukoroma. Siku ya tisa akafariki.

Kwenye matanga ndipo maneno yalipoanza. Ati vijana wa kituo walimuua mzee kwa barafu, ati baridi ilimwingia kifuani. Mama akalisikia, akaja kuniuliza.

Baada ya kumjibu lile hapana langu, nilirudi kusoma, safari hii mpaka mwisho. Nilikopa bando, nikamuuliza muuguzi mmoja anieleze nisiyoyaelewa. Niliyoyakuta yalinipa usingizi kidogo, halafu yakaninyima tena.

La kwanza, wazo la kupoza si la kijinga, na si la jana. Husimuliwa kwamba Larrey, daktari mpasuaji wa jeshi la Napoleon, aliona kule Urusi mwaka 1812 kuwa majeruhi waliowekwa karibu na moto walikufa upesi kuliko waliolala mbali nao. Mwaka 1952, Minnesota huko Marekani, madaktari walimpoza mtoto wa kike wa miaka mitano ili waweze kuusimamisha mzunguko wa damu dakika chache na kuufungua moyo wake, wakamponya. Mwaka 2002 utafiti wa Ulaya na mwingine wa Australia ulionyesha kwamba watu ambao moyo ulisimama ukarudishwa, wakipozwa mpaka nyuzi 33 hivi kwa saa kadhaa, walio wengi zaidi waliamka na akili zao. Hospitali kubwa nyingi duniani zikaanza kupoza.

Halafu wakahesabu tena. Mwaka 2013 walilinganisha nyuzi 33 na nyuzi 36, hawakuona tofauti. Mwaka 2021 wakatoa utafiti mwingine wa wagonjwa zaidi ya 1,800: nusu walipozwa mpaka 33, nusu walizuiwa tu wasipate homa. Baada ya miezi sita, katika kundi lililopozwa nusu walikuwa wamekufa, na katika lile lingine karibu nusu vilevile. Yaani kitu kilichofanywa kwa karibu miaka ishirini, na watu wenye elimu, na mashine, na nia njema, huenda hakikuongeza kitu juu ya kuzuia homa.

Kwa kiharusi habari ni fupi zaidi. Huko Ulaya walipanga kuwapoza wagonjwa kwa hesabu, wakitafuta wagonjwa 1,500 ili jibu liwe la kuaminika. Wakapata 98 tu, utafiti ukasimama, matokeo yakatolewa mwaka 2019. Hawakuona faida. Lakini kwa watu 98 huwezi kusema sana, na wengi waliopangiwa kupozwa hata hawakufikia joto lililotakiwa, kwa sababu mtu aliye macho anapigana na baridi. Anatetemeka. Na kutetemeka ni kazi, misuli inachoma chakula na hewa, mwili unazalisha joto. Ndiyo maana wenye kupoza wanampa mgonjwa dawa ya kumtuliza, na wanapima joto lake ndani ya mwili muda wote, na wakimaliza wanampasha polepole, si kwa haraka. Hata hivyo kupozwa huku kunajulikana kuongeza hatari ya nimonia.

Kwa hiyo pale nilipomwona Fundi akitetemeka nikasema inafanya kazi, nilikuwa naona mwili wake ukitukataa. Barafu yetu ya mifuko miwili haikuufikia ubongo. Ilimchosha tu.

Habari iliyonikaa rohoni zaidi ni ya watoto wachanga. Mtoto anayezaliwa amekosa hewa, kwenye nchi tajiri, anapozwa mpaka nyuzi 33 na nusu kwa siku tatu, akianza kabla ya saa sita tangu azaliwe. Hapo kupoza kunasaidia kweli, watoto wanapona, wanatembea, wanasoma. Sasa, kwa nini jambo hili wasipewe watoto wa nchi maskini, ambako ndiko wengi wanazaliwa hivyo? Ni swali la haki, mimi mwenyewe ningelipigia kelele. Wakafanya utafiti India, Sri Lanka na Bangladesh, kwenye hospitali kubwa, watoto 408, majibu yakatoka mwaka 2021. Waliopozwa hawakupona zaidi. Walikufa zaidi: asilimia 42, na wale wasiopozwa asilimia 31. Wataalamu wanadhani huenda watoto wale walikuwa wameumia kwa namna nyingine, pengine muda mrefu kabla ya kuzaliwa, kwa hiyo baridi haikuwakuta kwenye saa inayofaa. Baridi ni ileile, na nyuzi ni zilezile. Kilichotofautiana ni mahali.

Nikasoma hapo nikafunga simu. Ndugu zetu wa mashirika, naomba mkae na hesabu hiyo kidogo. Hapa kambini tunaletewa mambo mengi yaliyofanya kazi mahali pengine. Mradi unakuja na fulana, unakaa miezi kumi na nane, unaondoka. Tunajaza fomu mwanzoni na fomu mwishoni, na sijawahi kuona mtu akirudi kutuambia: lile jambo tulilowafanyia lilisaidia, au halikusaidia, au liliwaumiza. Wale madaktari wa watoto walimwambia dunia nzima kwamba waliumiza. Hilo si dogo. Mimi nilishindwa kumwambia mama mmoja.

Lakini nisikimbilie kuwasema wengine.

Kuna kanga inasema nia njema ni tabibu. Mama yangu alikuwa nayo, tuliivukia nayo ziwa. Naipenda, lakini kwa Fundi nia yetu haikuwa tabibu. Swali ninalotaka kulichimba ni hili: mtu akifanya jambo kwa nia njema na hajui, ana kosa? Vijana wa kituo wanasema hapana. Mmoja, yule aliyenunua barafu, alisema mbele ya wote: "Sisi tulifanya kitu. Wengine walisimama wanaangalia. Bora nani?" Ni hoja nzito. Ninyi mliokimbia vita mnajua thamani ya mtu anayefanya kitu wakati wengine wameganda.

Mwingine akaleta hoja ya pili, ya akili zaidi. Alisema: inasemekana kila dakika ya kiharusi kikubwa zinakufa seli za ubongo karibu milioni 2. (Ni kweli, mtaalamu wa Marekani alizipigia hesabu mwaka 2006, akapata milioni 1.9.) Sisi tulipoteza dakika 40. Sawa. Lakini dakika zile zingemnunulia nini? Dawa ya kuyeyusha donge la damu inatakiwa ianze ndani ya saa nne na nusu, na haitolewi bila picha ya kichwa, kwa sababu kama ni mshipa uliopasuka, dawa hiyo itamuua. Picha haipo, dawa haipo. Basi hata tungempeleka kwa ndege, mlango ulikuwa umefungwa. Hatukupoteza kitu.

Nililala na hoja hiyo siku kadhaa, nikiitamani. Ingetuosha wote. Lakini nimeikataa, na sababu zangu ni mbili.

Sababu moja ni ya kawaida: haikuwa kweli kwamba kliniki haina kitu. Sukari ikishuka sana, mtu anaweza kuonekana kama ana kiharusi, mdomo upande na mkono umelegea, na kipimo cha sukari kipo, ni tone la damu kwenye kidole. Presha walipima. Wangeweza kumlaza vizuri, kumwangalia anavyopumua. Kidogo ni kidogo, lakini kipo.

Sababu nyingine ndiyo ninayoing'ang'ania. Sisi tulipokuwa tunammwagia maji, hatukujua kwamba mlango umefungwa. Tulikuja kujua baadaye. Mtu akiacha mtoto peke yake kando ya mto, mtoto akarudi salama, hatumsifu kwa sababu mtoto hakuzama. Tunampima kwa alichokuwa anajua alipoondoka. Na mimi nilipoushika ule mfuko nilijua nini? Nilijua kwamba nilisoma mistari mitano na bando ikaisha. Nilijua kwamba sijui. Hapo ndipo kosa langu lilipo, si kwenye barafu. Vijana hawakuwa na kosa hilo, au walikuwa nalo kidogo, kwa sababu wao walimwamini mtu aliyesimama mbele yao na kuongea kama anayejua. Kutojua na kujua kwamba hujui halafu ukanyamaza, mimi naona ni vitu viwili. Cha kwanza kinahurumiwa. Cha pili nimekifanya mara mbili: kwanza kwa Fundi chini ya mwarobaini, halafu kwa mama, niliposema hapana.

Nikiri jambo lingine. Yule kijana mwenye utani alisema siku moja, bila kucheka safari hii, kwamba sisi wakimbizi ndio tuliopozwa hasa. Tumepunguziwa moto tusife, tunapewa chakula cha kutosha kupumua, tunasubiri mtu atupashe. Amezaliwa hapa, ana miaka kumi na tisa. Nilimwambia kwamba mwenye kupozwa hospitalini ana mtu kando ya kitanda anayetazama saa, na siku ya kupashwa imeandikwa. Akasema, "Ndiyo, hiyo tu ndiyo tofauti." Sikuwa na la kumjibu na bado sina. Nimeliandika hapa kwa sababu nilimwahidi.

Nirudi kwa mama. Katika kusoma kwangu nilikuta utafiti mwingine, wa Australia, mwaka 2011, kwenye wodi 19 za kiharusi za New South Wales. Huu hauna barafu wala mashine kubwa. Wauguzi walifundishwa mambo matatu: mgonjwa akipata homa ishushwe mara moja, sukari ipimwe na itibiwe, na kabla hajapewa chakula au kinywaji chochote apimwe kama anaweza kumeza. Basi, hayo tu. Baada ya siku 90, kwenye wodi zilizofanya hivyo waliokufa au kubaki wa kutegemea watu walikuwa asilimia 42, na kwenye zile nyingine asilimia 58. Ukiniuliza, hapo ndipo penye muujiza, lakini hakuna anayeusimulia Ijumaa, kwa sababu hakuna mtu chini ya barafu.

La kumeza ndilo lililonishtua. Karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi siku za mwanzo hawamezi vizuri. Koo nalo limepooza, hata kama anaonekana anataka. Unampa maji au uji, unaona ameshusha, kumbe kiasi kimepita njia ya hewa kimeingia kwenye mapafu. Anakohoa, au hata hakohoi, sauti inakuwa ya majimaji. Siku mbili tatu baadaye inakuja homa, kifua kinakoroma.

Mnaona ninakokwenda. Kule kliniki na nyumbani, mama alimlisha Fundi uji. Alimpakata, akamlisha kwa kijiko, akikohoa anamfuta, anampumzisha, anaendelea. Majirani walimsifu, na mimi nilimsifu, nikamwambia ampe zaidi apate nguvu. Hakuna aliyemwambia asubiri. Hakuna aliyejaribu kwanza kijiko kimoja cha maji mgonjwa akiwa amekalishwa wima, na kumsikiliza.

Sasa niliweza kumjibu kweli lile swali lake la kwanza. Si maji tuliyommwagia, mama, au si rahisi yawe hayo. Lakini ukweli huo ungewaosha vijana na kunipunguzia mimi, na mzigo wote ungehamia kwenye mikono yake. Ningefanyaje? Nilimwuliza mchungaji mmoja, akasema mwache mjane na amani yake. Nilimwuliza yule muuguzi, akasema bila uhakika usiseme, kwa sababu Fundi angeweza kupata nimonia hata bila uji, mate yenyewe yanaweza kuingia. Wote wawili walikuwa na busara. Lakini kwenye bloku yetu kuna wazee wenye presha zaidi ya vidole vyangu, na wote wana wake, au mabinti, na wote wakianguka kesho watapewa uji kwa upendo uleule. Amani ya mama mmoja ingelindwa kwa ukimya ambao ungemgharimu mama mwingine. Sikuona njia ya kufundisha bila yeye kusikia.

Kwanza nilienda kwa vijana wale watatu. Niliwaambia kosa la barafu ni langu, si lao, na nikaeleza kwa nini. Yule aliyenunua barafu alikuwa ameacha kuja kituoni. Alinisikiliza, akasema hataki kurudishiwa pesa, kama hilo ndilo lililonileta. Amerudi tangu mwezi uliopita.

Halafu tulifanya kikao cha bloku chini ya mwarobaini uleule, muuguzi akiwepo. Tulisema mambo machache. Uso ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, tazama saa na umpeleke mtu kliniki hapohapo, usimmwagie maji, usimpe dawa ya presha ya jirani. Mlaze kwa ubavu kama anatapika au amezimia. Akiwa na homa siku zinazofuata, sema, idai dawa. Na usimpe chochote mdomoni, hata maji, hata dawa, mpaka mhudumu ajaribu kumeza kwake. Muuguzi alionyesha namna ya kusikiliza sauti baada ya kijiko. Mama alikuwa amekaa nyuma, kwenye kiti cha Fundi, kile cha mbao alichokalia akiziba pancha. Nilijitahidi nisimtazame, na nadhani watu wote walijitahidi vilevile.

Watu walipoondoka alibaki. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema: "Siku ile uliniambia si maji."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nilisema na sikujua. Unisamehe. Sasa nimesoma, na naona si maji."

"Ni uji?"

Nilitaka tena kusema hapana. Lilikuwa mdomoni tayari.

"Nadhani uji ulichangia, mama. Sina uhakika. Na hakuna aliyekuambia, hata mimi nilikuambia umpe."

Alinyamaza muda mrefu. Watoto walikuwa wanagombania mpira wa nailoni pale barabarani. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto ili alielewe:

"Alikuwa na njala."